Harusi ilifana, lakini picha zikaingia giza: Chanzo ni nini?

WIKI kadhaa baada ya harusi, bahasha ya picha hufunguliwa sebuleni na jamaa wote husogea karibu. Kila mmoja hujitafuta mwenyewe kwanza, kisha huwatafuta wapendwa wake. Hapo ndipo manung'uniko huanza. Shela imegeuka karatasi tupu isiyo na mshono wala nakshi. Bwana harusi hana macho bali mashimo mawili meusi. Nao wazee walioketi chini ya hema hawatambulikani hata kidogo.

Mwandishi wa makala haya anaikumbuka harusi ya binamu yake. Nyanya yetu, aliyekuwa amezeeka mno, aliinuka kitini, akamshika mjukuu wake mashavu na kumbariki. Picha ilipigwa moja tu. Nyuma yao palikuwa na uwanja uliowaka jua la saa saba, ilhali wao wenyewe walikuwa kivulini mwa hema. Katika picha hiyo nyasi za uwanjani zaonekana vyema, lakini uso wa nyanya ni doa jeusi lililofungwa leso. Aliaga dunia kabla ya mwaka kwisha na hakuna picha nyingine ya wawili hao siku hiyo.

Kwa desturi lawama humwendea mpigapicha ama kamera yake. Wakati mwingine anastahili kulaumiwa. Hata hivyo, picha nyingi za harusi huwa zimekwisha kuharibika miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, pale kamati inapoketi kuchanga fedha, kupanga ratiba, kukodi mahema na kuchagua taa za ukumbi bila kumwuliza yeyote kuhusu mwanga.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza kujua kwamba kamera haioni kama jicho. Mtu aliyesimama mlangoni mwa hema hutazama nje kwenye jua, kisha hugeuka ndani kivulini, na jicho hujirekebisha mara hiyo hiyo bila yeye kutambua. Kamera hupewa nafasi moja tu kwa kila picha. Ikichagua kuuonyesha uwanja, walio kivulini huzama gizani. Ikichagua walio kivulini, uwanja huungua na kuwa mweupe pe.

Isitoshe, kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kwamba kinatazama shela. Kimeundwa kukisia kuwa vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina rangi ya kijivu inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Shela nyeupe inapoijaza picha, kamera hudhani mwanga umezidi, basi huupunguza. Matokeo yake ni shela yenye rangi ya jivu na uso uliofifia. Suti nyeusi inapoijaza picha, mambo huenda kinyume: kamera huongeza mwanga na kola ya shati huungua. Kamera za siku hizi hutambua nyuso na hujaribu kusahihisha kosa hilo, ila mtu mweusi aliyevalia nguo nyeupe juani bado ni mtihani mgumu hata kwa mashine za bei ghali.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, mtihani huo una historia yake. Kwa miongo mingi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, maabara zilizosafisha filamu za kampuni ya Kodak zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyokuja kujulikana kama kadi ya Shirley. Ngozi ya mwanamke huyo ikitoka vizuri, basi mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi walijiona katika picha wakiwa meno na macho tu. Kinachoudhi ni kwamba miongoni mwa waliochangia kuibadilisha hali hiyo ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kuwa filamu haikuweza kutofautisha rangi za hudhurungi za bidhaa zao. Hata mwaka wa 2021, kampuni ya Google ilipozindua simu ya Pixel 6, iliona haja ya kutangaza kuwa kamera yake imefunzwa upya kuzionyesha ngozi nyeusi jinsi zilivyo.

Kwa hivyo mpigapicha anayeiachia kamera kila uamuzi anakiamini chombo ambacho asili yake haikumfikiria bi harusi wa Kakamega au wa Kitui.

Mjuzi wa kazi huyapima mambo mwenyewe. Anafahamu kwamba katika picha za kidijitali mwanga uliozidi ukaiunguza shela haurudi tena, kwani hapo hapana chochote kilichorekodiwa. Sehemu iliyoingia giza kidogo, kwa upande mwingine, yaweza kuangazwa baadaye kwenye kompyuta. Ndiyo maana wengi huilinda shela kwanza, kisha huuinua uso.

Lakini uso utainuka tu endapo kamera ilihifadhi maelezo ya kutosha. Picha ya kawaida ya JPEG huwa na viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi ya msingi. Picha ghafi, ambayo kamera haijaipika, inaweza kuwa na viwango 16,384. Picha ya nyanya ilikuwa ya aina ya kwanza. Fundi mmoja alipoombwa aiangaze, alipata chengachenga za kijani na zambarau mahali pa mashavu, akairudisha ilivyokuwa.

Tukirejea kwa kamati na ratiba yake, adui wa kwanza ni saa. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, na adhuhuri jua huwa karibu utosini mwaka mzima. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja hutia kivuli machoni, chini ya pua na chini ya kidevu. Mwenye kofia, na mama zetu wa kanisani ni wapenzi wa kofia, hupoteza nusu ya uso.

Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya husifu mwanga laini wa jioni unaodumu kwa muda mrefu. Msomaji wa huku asidanganyike. Karibu na ikweta jua huteremka wima, nyuzi 15 kwa saa, na likishazama giza huingia katika muda unaozidi kidogo dakika 20. Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, kutegemea mwezi. Mwanga mzuri wa picha huanza takriban saa kumi na nusu, na wenye rangi ya dhahabu haufiki saa nzima.

Sasa tazama ratiba zetu. Ibada iliyoandikwa saa nne huanza saa sita kwa sababu gari la bi harusi limekwama barabarani ama shela imehitaji kushonwa upya kiunoni. Maarusi hutoka kanisani saa saba na nusu na kupelekwa mbio bustanini kupigwa picha, jua likiwa kali kabisa. Saa kumi na moja, mwanga unapokuwa mtamu kama asali, wamekaa hemani wakisikiliza hotuba ya mheshimiwa ambaye hakualikwa kuzungumza. Laiti mfawidhi wa sherehe angewaruhusu watoke kwa dakika 30 tu, albamu ingekuwa nyingine.

Endapo ratiba haibadiliki, kimbilio ni kivuli, ila si kila kivuli. Katika bustani ya Arboretum jijini Nairobi, ambako maarusi wengi hupenda kupigiwa picha, majani ya miti hupenyeza miale ya jua na kuwatia watu madoa kama ya chui. Kivuli kinachofaa ni kile kizima cha ukuta au cha baraza, maarusi wakiwa wamesimama karibu na ukingo wake huku wakitazama upande wenye mwanga. Kitambaa cheupe kilichoshikwa chini kidogo ya kifua na msaidizi hurudisha nuru usoni na kuondoa mashimo ya macho. Flashi nayo, ambayo wengi hudhani ni ya usiku, ina kazi kubwa mchana: lau ingewashwa chini ya lile hema, uso wa nyanya ungeonekana.

Na hema lenyewe lina usemi wake. Turubai jeupe husambaza jua na kuwapa watu mwanga laini wa kupendeza. La manjano huwafanya waalikwa wote waonekane wagonjwa wa ini, na la buluu huwafanya kama waliotoka kwenye barafu. Ajabu ni kwamba kamati hubishana jioni nzima kuhusu rangi za mapambo, lakini turubai huchaguliwa kwa bei.

Kanisani tatizo ni jingine. Makanisa mengi ya zamani yana kuta nene na madirisha madogo, na mengine yana dirisha kubwa nyuma ya madhabahu ambalo huwageuza maarusi wanaokula kiapo kuwa vivuli vyeusi. Baadhi ya viongozi wa dini hukataza flashi wakati wa ibada, na wana haki yao. Hapa ndipo tofauti ya vifaa hujitokeza. Lenzi yenye tundu la f/2.8 huingiza mwanga mara nne kuliko ile ya f/5.6 inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu. Asiye na lenzi ya kwanza hulazimika kuacha tundu wazi kwa muda mrefu, na bi harusi anayetembea hutoka kama ukungu, au kuongeza usikivu wa kamera, yaani ISO, hadi chenga zitokee. Kwa maoni yangu achague chenga. Uso wenye chenga bado ni uso.

Lipo jambo dogo ambalo wapigapicha wazoefu hulijua. Bi harusi anapoingia kanisani, mwanga wa mlango huwa mgongoni mwake na uso huwa gizani. Maarusi wanapotoka, mwanga ule ule huwapokea usoni. Picha za kutoka aghalabu ndizo nzuri zaidi, mradi jamaa wenye simu wasikatize njia kumtangulia mpigapicha.

Simu hizo zisidharauliwe, hata hivyo. Simu nyingi za sasa hupiga picha kadhaa kwa kasi na kuziunganisha, za giza na za mwangaza, hata aliye kivulini na uwanja wa nyuma vyote vikaonekana. Chini ya hema mpwa mwenye simu anaweza kumshinda fundi mvivu. Udhaifu wake hudhihirika picha inapokuzwa na kutundikwa ukutani, ambapo ngozi huwa laini kama nta na nyuzi za shela hupotea.

Usiku ukiingia, tunaangukia mikononi mwa fundi wa taa. Taa za LED za zambarau na buluu zimekuwa fasheni katika kumbi zetu, nazo ni balaa kwa ngozi. Taa ya rangi moja haina rangi nyingine ndani yake. Hakuna programu ya kompyuta iwezayo kurudisha wekundu wa mashavu ambao haukumulikwa kamwe. Baadhi ya taa hizo pia humetameta kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100, na kamera inayopiga kwa kasi kubwa hunasa mistari ya giza inayokata picha. Mpigapicha akishusha kasi hadi sehemu moja ya 100 ya sekunde, kwa kawaida mistari hiyo hutoweka. Lakini dawa rahisi ni familia kuagiza taa nyeupe za kawaida zielekezwe kwenye meza ya maarusi na kwenye keki, hizo zambarau zibaki ukutani.

Flashi ya usiku nayo ina kanuni isiyobembelezeka: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Ukoo mzima ukipangwa kwa safu, wa mbele wakiwa mita mbili kutoka kwa kamera na wa nyuma mita nne, walio mbele watakuwa weupe na walio nyuma watapata robo ya nuru. Mpigapicha akirudi nyuma, safu ya kwanza ikawa mita sita na ya mwisho mita nane, wa nyuma watapata zaidi ya nusu. Ukumbi wenye dari nyeupe na ya chini humwezesha kuielekeza flashi juu ili mwanga uwashukie wote sawasawa.

Pwani, katika usiku wa kupamba, hitilafu huwa kinyume. Sherehe hiyo ni ya wanawake watupu, mpigapicha pia huwa mwanamke, na mara nyingi wageni huombwa wasipige picha kwa simu zao. Jukwaa huwa na taa tele, bi harusi ana dhahabu na mavazi yanayometa, na flashi ikipigwa kwake moja kwa moja huifuta hina mikononi, kazi iliyochukua saa nyingi kuchorwa. Mwanga wa kando, unaotambaa juu ya ngozi, ndio unaotoa kila ua na kila jani la hina hiyo.

Anayetafuta mpigapicha asiulize ana kamera gani. Aombe kuonyeshwa picha zote za harusi moja, kuanzia kanisani hadi usiku, badala ya zile kumi bora za harusi kumi. Aulize iwapo anapiga picha ghafi na atazihifadhi kwa muda gani, kisha yaandikwe katika mkataba, maana wengine huzifuta miezi michache baadaye ili wapate nafasi. Na kabla ya kamati kuchapisha ratiba, mpigapicha aitwe mkutanoni aambiwe ibada ni saa ngapi, mahema ni ya rangi gani, na wazee watakaa upande upi wa jua.