Bustani ya Wiki Nane



Huko Lisse, nchini Uholanzi, kuna bustani kubwa iitwayo Keukenhof. Ina hekta 32, yaani karibu ekari 80. Kila mwaka hufunguliwa kwa wiki nane hivi tu, kuanzia Machi hadi Mei, na wageni zaidi ya milioni moja hufika. Wazazi hutembea wakitazama maua ya tulipi, watoto nao hucheza na kuona mifugo.

Je, ilianzaje? Mwaka 1949 wakulima wa maua na wafanyabiashara wao walikaa pamoja. Kila mmoja alikuwa na maua mazuri, lakini mnunuzi angeyaona wapi yote? Wakaamua kuwa na bustani moja ya maonyesho. Ilifunguliwa 1950.

Kazi yenyewe mgeni haioni. Maua hayo huota kutoka kwa matunguu, yanayofanana na kitunguu. Kama milioni 7 hupandwa kwa mkono kuanzia Oktoba, miezi mitano kabla ya kufungua. Mengine hupangwa kwa tabaka: yanayochelewa chini, ya mapema juu, ili haya yakinyauka yale yachanue. Wakulima huyatoa bila malipo. Wanajua mtu akilipenda ua, ataagiza.

Na sisi? Kila mtu huuza peke yake kando ya barabara, broka anapanga bei. Tujadiliane mkutano ujao: tuna nini cha kuonyesha pamoja, na tuanze kupanda lini?