Kupoza Hewa na Kupozwa kwa Hewa

Katika mwongozo mmoja wa magari ulioletwa mezani petu ili usanifiwe, mfasiri ameandika kwamba injini ya lori "hupozwa kwa hewa". Asili ilisema jambo jingine: kwamba hewa iingiayo katika injini hupozwa kwanza. Tofauti ni ya kihusishi tu, lakini dereva aaminiye maandishi hayo aweza kudhani kwamba lori lake halina haja ya maji katika rejeta. Akiwa na shehena ya korosho kutoka Newala kuteremkia Naliendele na Mtwara, injini itamfia njiani. Yafaa basi maana ielezwe kabla ya jina kutafutwa.

Injini yenye tabo (isichanganywe na tabu) hufaidi moshi wake yenyewe. Moshi utokao huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo huzungusha la pili, nalo hushindilia hewa kuelekea kwenye silinda, mfano wa mtu ashindiliaye gunia ili lipokee zaidi. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya fikra hii mwaka 1905. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto, kama ajuavyo kila aliyejaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono. Hewa ya pwani yetu yenye nyuzi 30, kanieneo yake ikifanywa maradufu, yaweza kufika nyuzi 120 hivi. Nayo hewa ya moto hutanuka. Kwa hiyo, ijapokuwa kanieneo ni mara mbili, uzito wa hewa iingiayo huwa mara moja na nusu tu. Ikipozwa hadi nyuzi 55, uzito huo hufika mara 1.85.

Katika injini ya petroli haja ni kubwa zaidi, kwani hewa ya moto mno huifanya petroli ilipuke ovyo, injini ikagonga na pistoni zikaharibika. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 haikuwa na chombo cha kupoza. Hewa yake ilinyunyiziwa maji yaliyochanganywa na alkoholi, ambayo mwenye gari alipaswa kuyajaza kila yalipokwisha. Porsche 911 Turbo ilipewa chombo hicho mwaka 1978. Dizeli haina hatari ile ya kugonga, lakini ikipungukiwa na hewa hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu.

Chombo chenyewe ni sahili: mirija bapa ya alumini yenye mapezi membamba, aghalabu mbele ya rejeta. Hewa ya injini hupita ndani, upepo wa safari hupita nje. Hakiwezi kuipoza hewa ikawa baridi kuliko upepo huo. Lori lipandapo polepole kwenye uwanda wa Makonde, injini hufanya kazi kubwa ilhali upepo ni haba, na tegemeo huwa feni. Vumbi na mbegu za nyasi zikiziba mapezi, au mpira wa kuunganishia ukipasuka, mara nyingi lawama huangukia pampu ya dizeli isiyo na hatia.

Tukiite nini? "Kiyoyozi" hakifai, kimekwisha kuzoeleka kuwa chombo cha kuburudisha watu. "Kipoza hewa" peke yake kina upungufu uo huo. Mafundi husema "intakula", neno ambalo mgeni wa gereji hulisikia kama "itakula", asijue kitakacholiwa. "Rejeta ya hewa" ni jina lenye akili, maana laonyesha umbo la kitu mara moja, na sioni sababu ya kulifukuza katika mazungumzo. Katika vitabu napendelea "kipozahewa cha injini", na "intakula" iandikwe kando yake katika orodha za vipuri, ili karani wa ugavi aliyeagiza kimoja asiletewe kingine. Kinachopimwa kiitwe "halijoto ya hewa iingiayo".

Wapiga chapa nao waangalie irabu: kupoza ni kupunguza moto, kupooza ni maradhi.