Moja na Moja Si Mbili Kwenye Mesoni

Swali ni lilelile kila mara: pioni isiyo na chaji huvunjika ikatoa fotoni mbili, kila fotoni ina spini 1, mbona basi spini ya pioni ni 0 na si 2? Muulizaji ameshajumlisha spini kama viazi vya fungu. Spini ina mwelekeo. Fotoni hizo huachana kwa kupeana mgongo, na spini ya kila moja hulala juu ya mstari wa safari yake, mbele au nyuma. Zote mbili zikisokota kulia kama skrubu, spini zinapingana na kufutana. Asiyeridhika aitazame mesoni ya ro. Huvunjika kuwa pioni mbili, zenye spini 0 na 0, ilhali yenyewe ina 1. Mesoni f2 nayo hutoa pioni mbili, na spini yake ni 2. Sifuri na sifuri, majibu mawili! Kilichosahauliwa ni mzunguko wa pioni zenyewe zinapoachana, nao haujulikani kwa kuhesabu vipande bali kwa kupima vinakoelekea. Kwa anayesafiri nayo, ro ambayo spini yake haina sehemu yoyote kwenye mwelekeo wa safari hurusha pioni hasa mbele na nyuma, na kwenye nyuzi 90 hairushi hata moja. Chembe ya spini 0 ingezitawanya sawasawa pande zote.

Watasema pariti, yaani alama ya chanya au hasi inayoonyesha chembe inavyobadilika kwenye kioo, angalau ni kuzidisha alama: hasi kwa hasi, chanya. Hapana, mzunguko uleule una alama yake, na kwa ro unaligeuza jibu kuwa hasi. Pariti ya pioni ilisomwa mwaka 1962 na wanafizikia Samios, Steinberger na wenzao kwenye picha za chemba ya viputo, katika tukio adimu ambapo badala ya fotoni mbili hutoka jozi mbili za elektroni na positroni. Bapa za jozi hizo hupendelea kukatana kwa pembe mraba, na hiyo ndiyo saini ya hasi. Na mesoni ya kaoni, inayotoa mara pioni mbili, mara tatu, kwa pariti zinazopingana? Hiyo huvunjwa na nguvu dhaifu, ambayo wanafizikia Lee na Yang waliitilia shaka mwaka 1956, na jaribio la Wu likaonyesha kuwa haiitunzi pariti.

Kwa hiyo anza na umri: mesoni ikiishi kiasi cha sekunde 10⁻¹⁰ au zaidi, ni nguvu dhaifu inayoivunja, usisome pariti hapo. Ikitoa fotoni mbili, futa spini 1. Pioni mbili zisizo na chaji, spini ni shufwa. Zikiwa tatu, chora mchoro wa Dalitz, ambao kila tukio ni doa lililowekwa kwa nishati za pioni, utafute madoa yanapopungua.