Prosesa na kadi ya grafiki: ipi inaisubiri nyingine?

Mwaka jana nilimpa yaya ushauri mbaya, naye akaulipia. Yaya huyu ni mtoto wa mjomba wangu. Ana chumba cha michezo katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi: kompyuta nne za mezani, jenereta ndogo ya kusaidia umeme ukikatika, na vijana wanaolipa kwa nusu saa. Zamu yake ya likelemba ilipofika, ya kwanza kati ya watu kumi, aliniuliza anunue kitu gani ili michezo iende vizuri zaidi. Mimi ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika, sikusomea kompyuta. Lakini katika familia yetu mtu wa chuo kikuu huhesabiwa kuwa anajua yote, nami sikukanusha. Nilimwambia anunue kadi ya grafiki.

Alinunua GTX 1660 ya mtumba ichukue mahali pa GTX 1050 Ti, pamoja na kisanduku kipya cha kulisha mashine umeme, kwa sababu kile cha zamani hakikuwa na waya ambao kadi hiyo inahitaji. Wiki iliyofuata aliniita. Mchezo wa Grand Theft Auto V, ambao ndio unaomletea wateja wengi, ulikuwa unakwenda karibu vilevile kama zamani. “Ni weye njo ulisema ninunue,” akaniambia, bila kupandisha sauti. Kisha akaendelea kutoa mchango wa likelemba kwa miezi tisa, akiilipia kadi isiyomletea hata mteja mmoja zaidi.

Makala hii ni sehemu ya deni langu kwake. Naiandika katika jarida la lugha kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu kitivoni tunanunua kompyuta za mtumba kwa pesa za kujibana, na tunapewa ushauri wa aina ileile niliyoitoa mimi. Pili, siku ile sikukosa elimu ya mashine tu. Nilishindwa pia kusikiliza maneno ya wachezaji wenyewe, na hilo ni kosa ambalo mwanafunzi wa isimu hana haki ya kulifanya.

Kazi mbili, picha moja

Mchezo wa kompyuta ni picha nyingi zinazofuatana haraka. Ili mwendo uwe laini, wachezaji hutaka angalau picha 60 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila picha inapewa milisekunde 16.7 tu. Kwa picha 30 kwa sekunde, muda huo ni milisekunde 33.3.

Kila picha inapita mikono miwili. Prosesa ndiyo inayotangulia: inasoma vidole vya mchezaji, inahesabu gari limefika wapi na limegonga nini, inaamua wapita njia waende upande gani, kisha inaandika orodha ya amri za kuchora. Kadi ya grafiki inaipokea orodha hiyo na kuhesabu rangi ya kila nukta ya skrini. Kazi ya kwanza ina hatua zinazotegemeana, kwa hiyo inahitaji viini vichache vyenye mbio. Kazi ya pili ni hesabu ndogondogo nyingi zinazoweza kufanywa kwa pamoja. Prosesa ya mashine ya yaya, Core i5-2400 ya mwaka 2011, ina viini 4. Kadi aliyonunua ina viini vidogo 1,408.

Tuchukue mfano wa msimulizi na mchoraji. Msimulizi anasema: gari jekundu hapa, polisi nyuma yake, mvua inanyesha. Mchoraji anachora. Wakati mchoraji yuko kwenye picha ya kwanza, msimulizi anatayarisha maelezo ya picha ya pili. Hivyo wote wawili wanafanya kazi kwa wakati mmoja, lakini picha zinatoka kwa mwendo wa yule aliye mpole zaidi.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme prosesa inatumia milisekunde 20 kutayarisha picha moja, na kadi inatumia 8 kuichora. Sekunde ina milisekunde 1,000. Ukigawa kwa 20 unapata picha 50. Sasa nunua kadi inayochora kwa milisekunde 4. Bado ni picha 50. Kilichoongezeka ni muda wa kadi kukaa bila kazi. Hivyo ndivyo nilivyomfanyia yaya: nilimletea mchoraji hodari, nikamwacha akimsubiri msimulizi yuleyule. Kanuni ya jamaa na hiyo imejulikana tangu zamani. Mwaka 1967 mhandisi Mmarekani Gene Amdahl alionyesha kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi inawekewa mpaka na ile sehemu ambayo haikuharakishwa.

Ukubwa wa karatasi

Swali linaloulizwa sana kwa wauzaji ni hili: “Prosesa hii inapatana na kadi ile?” Kwa mwanaisimu, ni kama kuuliza kiambishi kipi ni sahihi bila kutaja nomino. Upatanisho unaonekana ndani ya sentensi. Hapa sentensi ni mchezo wenyewe, pamoja na skrini unayoutumia.

Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ile ya 2560 kwa 1440 ina 3,686,400. Ile inayoitwa 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina 8,294,400, mara nne ya ile ya kwanza. Mchoraji amepewa karatasi kubwa mara nne, lakini maneno ya msimulizi hayakubadilika: gari ni lilelile, polisi ni walewale. Kwa hiyo kuongeza nukta kunailemea kadi, huku prosesa ikibaki na mzigo karibu uleule. Prosesa na kadi zisizolingana kwenye skrini ndogo zinaweza kulingana vizuri kwenye skrini kubwa.

Michezo nayo haifanani. Cyberpunk 2077, wenye taa na vivuli vizito, unaichosha sana kadi. Counter-Strike 2, ukichezwa kwa nukta chache ili kupata picha nyingi sana kwa sekunde, unaegemea prosesa. Vivyo hivyo michezo ya kujenga miji kama Cities: Skylines, ambamo wakazi na magari kwa maelfu wanahesabiwa bila kupumzika.

Kusikiliza kwanza, kupima baadaye

Baada ya aibu ile nilirudi Katuba na daftari, nikakaa nyuma ya wachezaji kama tunavyofundishwa kufanya uwandani. Nilikuwa nikidhani wanalalamika kwa neno moja, “inakwama.” Kumbe walikuwa na maneno mawili mengine. Kwenye mashine moja walisema “inakokota”: mwendo ni mzito, lakini ni mzito kwa usawa. Kwenye ile iliyopata kadi mpya walisema “inarukaruka”: inakwenda vizuri, ghafla inasimama kidogo, halafu inaruka mbele, hasa gari linapoingia mjini penye watu wengi.

Maneno hayo hayakuwa mapambo. Kadi ikiwa ndiyo inayosubiriwa, mara nyingi mchezo unakokota. Prosesa ikiwa ndiyo inayosubiriwa, mara nyingi mchezo unarukaruka, kwa sababu mzigo wake unapanda na kushuka kulingana na yanayotokea mtaani. Nasema mara nyingi, si kila mara, kwa sababu kadi iliyojaza kumbukumbu yake nayo inarukaruka. Maneno ya wachezaji yanakuonyesha pa kutazama. Baada ya hapo lazima upime.

Kipimo cha kwanza ni kutazama kazi ya kadi. Kwenye Windows 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa utendaji mchezo ukiwa unaendelea. Kadi ikifanya kazi kwa asilimia 95 au zaidi, yenyewe ndiyo mpaka. Ikiwa iko asilimia 50 au 60 na picha bado hazitoshi, inasubiri kitu. Hakikisha tu kwamba mchezo haujafungwa kwenye picha 60 au 30 katika mipangilio, maana hapo kadi inapumzika kwa amri yako.

Usidanganywe na asilimia ya prosesa. Ile namba ni wastani wa viini vyote. Kwenye prosesa ya viini 4 isiyogawa kiini mara mbili, kiini kimoja kinaweza kujaa kabisa na wastani ukasoma 25 tu. Mimi niliona 70, nikadhani nafasi bado ipo.

Kipimo cha pili ni rahisi zaidi. Punguza nukta, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, yaani kutoka 2,073,600 hadi 921,600. Umempunguzia mchoraji zaidi ya nusu ya karatasi. Picha kwa sekunde zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inachelewesha. Zikibaki palepale, tatizo liko upande wa prosesa. Tulifanya hivyo pamoja na yaya, kwenye njia panda moja ya mji ule wa kwenye mchezo. Namba haikusogea. Kipimo kilichukua dakika tano na hakikutugharimu hata faranga moja. Ningekifanya kabla ya likelemba, pesa ingebaki.

Njia iliyo kati yao

Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji hawalitaji. Msimulizi na mchoraji wanahitaji njia ya kupitishia maelezo. Prosesa inachota data kwenye kumbukumbu ya RAM. Core i5-2400 inaweza kuchota karibu gigabaiti 21 kwa sekunde ikiwa na vipande viwili vya RAM kwenye njia zake mbili. Ukiweka kipande kimoja, unapata nusu. Mashine ya yaya ilikuwa na kipande kimoja cha gigabaiti 8.

Vilevile kadi inaungana na mashine kwa njia inayoitwa PCI Express, ambayo kila kizazi chake kina upana karibu mara mbili ya kilichotangulia. Kadi ya RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022, ilitengenezwa na vichochoro 4 tu badala ya 16. Kwenye mashine ya kizazi cha 4 inapata karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye mashine ya mwaka 2011, yenye kizazi cha 2, inabaki na karibu 2. Na kwa kuwa ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, kwenye michezo mizito inalazimika kutumia njia hiyo nyembamba mara kwa mara. Kwenye sanduku inaonekana mpya na nzuri. Ndani ya mashine ya zamani inapoteza nguvu yake.

Tulichokifanya

Kwanza tuliongeza kipande cha pili cha RAM, ambacho ni cha bei ndogo. Pili, tulipunguza mipangilio inayoilemea prosesa: wingi wa watu barabarani na umbali ambao vitu vinaanza kuonekana. Tatu, tuliacha juu yale ambayo kadi inayabeba bila shida, kama uwazi wa picha na ulaini wa kingo za vitu. Nne, tulifunga mchezo kwenye picha 40 kwa sekunde, kwa sababu 40 zinazotoka kwa usawa ni bora kuliko 60 zinazoporomoka ghafla. Kurukaruka kulipungua sana, na vijana waliacha kugombania mashine nyingine.

Zamu ya yaya ya likelemba imerudi mwezi huu. Muuzaji alimpendekezea kadi kubwa zaidi. Yaya alimwuliza muuzaji: “Ile yenye niko nayo inasubiri nini?” Muuzaji hakuwa na jibu. Pesa imeingia kwenye ubao mama, RAM mpya, na prosesa ya Ryzen 5 5600 yenye viini 6, na GTX 1660 imehamia huko. Kwenye njia panda ileile kadi sasa inafanya kazi kwa asilimia 97. Ndiyo kusema mpaka haukuondoka, umehama tu. Kwenye kila kompyuta lazima kitu kimoja kisubiriwe. Lakini sasa kinachosubiriwa ni kile alichokilipia ghali zaidi, na picha zinatosha. GTX 1050 Ti imerudi kwenye mashine ya Core i5-2400, ambako haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Kati ya michango ile tisa, nimeshamrudishia yaya miwili. Iliyobaki namlipa kidogokidogo, kwa pesa ninayoipata nikiwachapia wenzangu kazi zao za kuhitimu.