Kudanganya Kompyuta ya Gari Si Ufundi

Mwaka wa 1992, magari aina ya Range Rover yalianza kuuzwa nchini Uingereza yakiwa na mifuko ya mpira iliyojaa hewa mahali pa springi za chuma, huku kompyuta ikisimamia kimo chake. Tangu hapo mtindo huo umeenea katika magari mengine yaendeshwayo kwa magurudumu yote manne. Nasi Wakenya, tulio wanunuzi wakubwa wa magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, tumeyapokea pamoja na maradhi yake.

Hebu mwalimu wa fizikia awaulize wanafunzi wake swali hili: hewa ikiongezwa katika mifuko hiyo na gari likainuka, je, shinikizo ndani yake limepanda sana? Wengi watajibu ndiyo. La hasha! Ikiwa gurudumu limebeba kilo 600, na eneo la mfuko linalobeba uzito huo ni sentimita mraba 100, shinikizo litakuwa kilo 6 kwa kila sentimita mraba, gari liwe juu au chini. Kinachoongezeka ni ujazo wa hewa. Kwa sababu hiyo kompyuta haiwezi kujua kimo cha gari kwa kupima shinikizo pekee. Ni sharti ipime umbali. Karibu na kila gurudumu pana kihisi kilichounganishwa na mkono wa gurudumu kwa kiungo kifupi cha chuma. Mkono ukipanda au kushuka, kihisi huarifu kompyuta, nayo hufungua vali ili hewa iingie au itoke.

Dereva ana njia yake halali ya kubadilisha kimo, nayo ni swichi iliyo karibu naye. Katika Discovery 3, iliyozinduliwa mwaka wa 2004, swichi hiyo huinua gari kwa takriban milimita 55 ili lipite penye mawe au maji, na hulishusha kwa takriban milimita 50 ili abiria wapande bila taabu. Mwendo ukizidi kama kilomita 50 kwa saa, gari hujirudisha lenyewe katika kimo cha kawaida. Waliolibuni walijua kwamba kitovu cha uzito kikipanda, gari hupinduka kwa wepesi zaidi penye kona.

Njia ya pili ni ya fundi. Hupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kisha akaiandikia kompyuta vipimo hivyo kwa mashine maalumu. Kazi hii hufaa kihisi kinapobadilishwa, au gari linapoinama upande mmoja.

Ipo na ya tatu, ambayo ndiyo inayonikera. Kiungo cha kihisi huondolewa, kikawekwa kingine chenye urefu tofauti. Kihisi huanza kusema uongo: kompyuta hudhani gari liko chini mno, nayo huliinua. Ni njia rahisi, tena wapo waendao nyikani wanaoisifu. Lakini kinga ya mwendo hupotoshwa pia, kwa maana hicho kinachoitwa kimo cha kawaida sasa ni cha juu, na gari hukimbia barabarani hivyo hivyo. Shokabsoba hukaribia mwisho wa urefu wake, na viungo vya ekseli huzunguka kwa pembe ambayo havikukusudiwa. Mwenye gari haambiwi lolote, maana hakuna taa ya onyo iwakayo.

Vyuo vyetu vya ufundi vinavyofundisha makanika havina budi kuanzia kwenye kipimo kabla ya spana. Na kabla ya mwanafunzi kuingia uvunguni, gari liegemezwe juu ya stendi za chuma, wala jeki peke yake isitegemewe. Vali ikifunguka au mfuko ukipasuka, gari la zaidi ya tani mbili hushuka kwa ghafla, na nafasi inayosalia chini yake haimtoshi mtu.