Kijana Wetu Juu ya Nguzo ya Umeme

Zamani kijana wa Mabalako akitaka pesa alienda kwenye dhahabu. Siku hizi wengine wanaacha karai na kwenda Beni ao Butembo kutafuta kazi kwa kampuni za kandarasi, zile zinazosimamisha nguzo na kuvuta nyaya. Sheria ya 17 Juni 2014 iliruhusu kampuni za watu binafsi kuingia katika kazi ya umeme, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa SNEL. Mtambo wa maji wa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, ulikwisha kuanza mwaka 2013, na ule wa Matebe kule Rutshuru ulifuata Desemba 2015. Lakini mtambo peke yake hauwashi taa. Lazima watu wapeleke nyaya mpaka nyumbani.

Wazazi wananiuliza: Pasta, kazi hii ni nzuri kwa mtoto? Niliketi na kijana mmoja wa kanisa letu ambaye ameifanya miaka 4.

“Siku ya kwanza hawakuniambia habari ya umeme,” anasema. “Walinipa baramini.” Nguzo ya mita 10 inataka shimo la mita 1 na nusu hivi. Penye udongo laini si neno, lakini penye mawe shimo moja linakula siku nzima. Kisha nguzo inasimamishwa kwa kamba na miti yenye panda, watu wakivuta pamoja kwa sauti moja. Mmoja akiachia, wote wako chini yake. Jioni mabega yanawaka, kwa sababu miti hiyo imepakwa dawa ya kuzuia mchwa. Mvua ikinyesha, hakuna kazi, na hakuna malipo.

Baadaye alifundishwa kupanda. Nilimwuliza kama haogopi. “Papa pasta, mtu anaogopa siku tatu tu. Kisha anazoea. Kuzoea njo kunatuua.”

“Moto wamekata”

Alinieleza habari ya mwenzake. Siku ile shefu alipiga simu, akajibiwa: moto wamekata, pandeni. Na kweli walikuwa wamekata. Lakini katika nyumba moja ya mtaa ule, baba mmoja aliona giza akawasha jenereta yake, bila kutenga nyumba na nyaya za barabara. Umeme ukatoka nyumbani mwake, ukapanda mpaka kwenye mikono ya kijana. Mkanda ulimzuia asianguke. Mikono iliungua, na vidole viwili vilikatwa hospitalini.

Wengi hawajui jambo hili. Ile transfoma ya mtaani inashusha umeme wa maelfu ya volti hadi 220. Ukiusukuma umeme kutoka upande wa nyumba, transfoma ileile inaupandisha tena kuwa maelfu. Ndiyo maana mafundi wa kweli hawatosheki na simu. Wanakata, wanafunga kwa kufuli na ufunguo unakaa na mtu mmoja, wanapima kila waya, kisha wanaziunganisha nyaya zote pamoja na kuzishusha ardhini. Hapo tu mtu anapanda. Kijana wangu anasema shefu mwenye haraka anayaruka haya yote, na anayekataa kupanda anaambiwa kesho asirudi.

Yule mwenye kuungua alipouliza matunzo, alijibiwa kwamba jina lake haliko kwenye liste, yeye ni wa kutwa tu. Familia iliuza mbuzi. Kanisa lilichanga kilichobaki.

Vijana, sikieni hili. Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema mtu wa kutwa aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Basi andika siku zako katika kaye, tarehe kwa tarehe, na jina la shefu. Na uulize kama umeandikishwa CNSS, ile iliyoitwa INSS zamani, kwa maana ndiyo inayoshughulika na mtu aliyeumia kazini. Kuuliza si uasi.

Yule baba wa jenereta, nilienda kumwona. Si mtu mbaya. Alilia. Alitumia waya wenye vichwa viwili vya kuchomeka, mmoja kwenye jenereta, mwingine ukutani, kama alivyoona kwa jirani.

Nilirudi nyumbani na hasira kidogo. Kisha nikakumbuka jenereta ya kanisa, ile tunayowasha kwa ajili ya kwaya. Nilimwita kijana wangu aitazame. Aliinua ule waya wetu, akanionyesha: vichwa viwili. Hakusema kitu. Jumanne alikuja kuweka inverseri, na hakutaka kulipwa.