Uholanzi nje ya Amsterdam: mikoa na miji ya nchi iliyo chini ya bahari

Abiria anayetoka Nairobi au Dar es Salaam na kutua alfajiri katika uwanja wa ndege wa Schiphol huikanyaga ardhi ya Uholanzi akiwa zaidi ya mita 3 chini ya usawa wa bahari. Hakuna kinachomdokezea jambo hilo. Mahali ulipojengwa uwanja huo palikuwa na ziwa kubwa, ambalo mawimbi yake yalikuwa yakimega kingo na kuitia hofu miji ya jirani, hadi lilipokaushwa kwa mitambo ya mvuke katika kipindi cha miaka 3 iliyomalizikia mwaka 1852. Tangu wakati huo maji ya mvua na yale yanayochuruzika kutoka ardhini hayana budi kusukumwa nje kwa pampu. Zikisimama pampu hizo, ziwa litarudi.

Takriban robo ya nchi hiyo iko katika hali hiyo, chini ya bahari, na ndiyo robo yenye watu wengi na utajiri mwingi. Eneo lote la Uholanzi barani Ulaya, pamoja na maji yake, ni kilomita za mraba zipatazo 41,500, yaani dogo kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, nalo lina wakazi wapatao milioni 18.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Holland ni mikoa miwili tu ya magharibi, Noord-Holland na Zuid-Holland, kati ya mikoa 12 ya nchi. Wenyewe huiita nchi yao Nederland, maana yake nchi ya chini, na tangu mwaka 2020 serikali imeacha kulitumia jina la Holland katika kuitangaza nchi. Kiswahili, kama lugha nyingine nyingi, kimeibatiza nchi nzima kwa jina la sehemu yake. Mtu wa Limburg au Groningen akiitwa Mholanzi kwa maana hiyo ya zamani anaweza kununa, na ana sababu zake, kama itakavyoonekana.

Amsterdam na jirani zake

Amsterdam ndio mji mkuu kikatiba, ingawa serikali, bunge na balozi za kigeni ziko The Hague. Mifereji yake ya karne ya 17 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2010, na nyumba ndefu nyembamba zilizo kando yake ni kumbukumbu ya faida ya biashara ya ng'ambo, ikiwemo biashara ya watumwa. Ni katika mji huo ambapo Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi kwa utumwa, tarehe 1 Julai 2023. Wageni ni wengi kupita kiasi. Mwaka 2024 baraza la jiji liliamua kwamba hoteli mpya haitaruhusiwa ila pale nyingine inapofungwa. Mwenye siku mbili anaweza kuuona mji na kuondoka bila majuto.

Kusini kidogo ya Schiphol kuna Aalsmeer, mahali pa mnada mkubwa wa maua. Mawaridi mengi yanayouzwa hapo yamekatwa Naivasha siku chache tu kabla.

Kwa treni, safari ya kutoka Schiphol hadi The Hague huchukua kama nusu saa. Mji huo, wenye ufuo wa Scheveningen unaopigwa na upepo mkali wa Bahari ya Kaskazini, unajulikana Afrika Mashariki na Kongo kwa sababu isiyohusiana na matembezi. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, iliyoanza mwaka 2002, ilitoa hukumu yake ya kwanza mwezi Machi 2012 dhidi ya Thomas Lubanga wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uhuru Kenyatta alifika mbele ya majaji mwezi Oktoba 2014 akiwa rais aliye madarakani, na mashtaka dhidi yake yakaondolewa miezi miwili baadaye. Kesi ya William Ruto ilikatizwa mwezi Aprili 2016. Majengo ya mahakama hiyo leo yako karibu na vilima vya mchanga vya pwani, na vilima hivyo ndivyo ukuta wa asili unaouzuia mji huo usifikiwe na bahari.

Rotterdam, bandari kubwa kuliko zote za Ulaya, haufanani na miji mingine ya nchi hiyo. Ndege za Ujerumani ziliushambulia kwa mabomu tarehe 14 Mei 1940; moyo wa mji uliteketea na watu wapatao 80,000 wakabaki bila makao. Badala ya kuurudisha kama ulivyokuwa, wakazi waliujenga upya kwa majengo marefu na ya maumbo ya ajabu. Wapo wasioupenda kwa sababu hiyo. Lakini anayetaka kuijua Uholanzi ya kazi, ya makuli, mabaharia na watu kutoka kila pembe ya dunia, ataikuta hapo kuliko Amsterdam. Upande wa baharini kuna milango miwili mikubwa ya chuma, kila mmoja una urefu wa mita 210, inayofunga njia ya meli dhoruba inapotishia. Ilianza kazi mwaka 1997.

Zeeland: usiku ambao redio zilinyamaza

Milango hiyo haieleweki bila kufika Zeeland, mkoa wa visiwa na rasi ulio kusini magharibi. Treni kutoka Rotterdam hadi Middelburg, makao makuu ya mkoa, huchukua saa moja na nusu hivi. Watalii wengi hufuata fukwe na kome wa Yerseke. Jambo kubwa zaidi limehifadhiwa katika kijiji cha Ouwerkerk.

Usiku wa Jumamosi tarehe 31 Januari 1953, dhoruba kutoka kaskazini magharibi ilikutana na maji ya bamvua. Kila mtu wa pwani anajua maana ya hayo mawili kukutana. Onyo lilikuwa limetolewa, lakini idhaa za redio za nchi hiyo wakati ule zilifunga matangazo usiku wa manane, na ofisi nyingi hazikuwa na mtu mwishoni mwa juma. Matuta yalivunjika watu wakiwa usingizini. Jumapili alasiri maji yalijaa tena, na nyumba zilizokuwa zimelegea zikaanguka pamoja na waliokuwa wamekimbilia mapaa yake. Nyaya za simu zikiwa zimekatika, habari za kwanza kutoka visiwani zilipitishwa na watu binafsi wenye mitambo midogo ya redio. Waliokufa katika Uholanzi ni 1,836.

Mhandisi wa serikali Johan van Veen alikuwa ameonya miaka mingi kabla kwamba matuta ya eneo hilo ni mafupi mno. Nchi ilikuwa imetoka vitani, fedha ilikuwa haba, na Zeeland ilikuwa mbali na meza za waamuzi. Baada ya maafa, mpango aliokuwa akiupigania ukatekelezwa kwa haraka. Makumbusho ya Ouwerkerk yamo ndani ya masanduku manne makubwa ya zege ambayo yalizamishwa mwezi Novemba 1953 kuziba pengo la mwisho.

Kazi ya kuzifunga ghuba za Zeeland ilichukua miongo. Ghuba ya Oosterschelde ilikusudiwa kuzibwa kabisa, lakini katika miaka ya 1970 wavuvi na watetezi wa mazingira walipinga, kwa kuwa maji ya chumvi yakikatwa, samaki na kome nao hukatika. Serikali ikakubali kulipa gharama kubwa zaidi: kizuizi chenye milango 62 ambayo hukaa wazi na kushushwa tu pale maji yanapotarajiwa kupanda mita 3. Kilizinduliwa mwaka 1986. Kukitazama wakati wa dhoruba, maji yakigonga upande mmoja na upande wa pili yametulia, ni jambo ambalo Amsterdam haina cha kulilinganisha nalo.

Kusini na mashariki

Noord-Brabant na Limburg ni mikoa ya asili ya Kikatoliki, yenye vyakula vizito na sherehe za mitaani kabla ya Kwaresima. Eindhoven ulikua kutokana na kiwanda cha balbu cha Philips kilichoanzishwa mwaka 1891. Maastricht, mji wa mkataba wa Umoja wa Ulaya uliotiwa saini mwezi Februari 1992, uko umbali wa saa mbili na nusu kwa treni kutoka Amsterdam, na jirani yake kuna vilima, jambo geni katika nchi hiyo. Kilele cha Vaalserberg kina mita 322 tu. Hata vilimani maji hayakusahau. Mwezi Julai 2021 kijito cha Geul kilifurika na kuuharibu mji mdogo wa Valkenburg.

Nijmegen, kando ya mto Waal, umefuata njia nyingine. Badala ya kuinua tuta, lilirudishwa nyuma, nyumba kadhaa zikabomolewa, na mto ukachimbiwa tawi la pili uweze kupumua. Kazi kuu ilikamilika mwaka 2015. Kati ya hapo na magharibi kuna Utrecht, njia panda ya reli zote, wenye mnara wa mita 112 uliosimama peke yake tangu dhoruba ya mwaka 1674 ilipoliangusha kanisa lililouunganisha na sehemu yake nyingine.

Kaskazini

Drenthe ina makaburi ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, na ina pia Westerbork, kambi ambayo Wayahudi zaidi ya 100,000 walipakiwa kutoka humo kwenye treni kati ya mwaka 1942 na 1944, Anne Frank akiwa mmoja wao.

Groningen ni mji wa wanafunzi na baiskeli, mchangamfu hata usiku wa baridi. Vijijini mwake hali ni tofauti. Gesi asilia iliyogunduliwa Slochteren mwaka 1959 ilipasha moto nyumba za nchi nzima na kuingizia serikali mamia ya mabilioni ya euro, huku ardhi ya juu yake ikishuka na kutetemeka. Tetemeko la Huizinge la Agosti 2012 lilifikia kipimo cha 3.6, na kuta za maelfu ya nyumba zimepasuka. Tume ya bunge ilisema bayana mwezi Februari 2023 kwamba maslahi ya wakazi yalipuuzwa, na uchimbaji ukasimamishwa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Msafiri ataona nyumba zilizoegemezwa kwa magogo. Ndiyo sababu neno Holland halitamkwi huko kwa mapenzi.

Friesland, mkoa wa jirani, una lugha yake inayotumika shuleni na mahakamani. Mashindano yake ya kuteleza juu ya barafu kupitia miji 11, kilomita zipatazo 200, yanahitaji barafu nene ya sentimita 15 njia nzima. Barafu hiyo haijapatikana tangu Januari 1997.

Kutoka hapo ukuta wa kilomita 32 uliokamilika mwaka 1932 unavuka hadi Noord-Holland, chumvi upande mmoja na maji baridi upande wa pili. Nyuma yake ndiko lilikotengenezwa Flevoland, lililokuwa mkoa mwaka 1986. Ni ardhi iliyokaushwa ambayo mji wake mkubwa, Almere, ulipata wakazi wa kwanza mwaka 1976. Ndani ya mkoa huo kuna Schokland, kisiwa ambacho serikali iliwahamisha watu wake mwaka 1859 kwa kuwa bahari ilikuwa ikikila. Bahari ilipoondolewa karne iliyofuata, kisiwa kilibaki kimeinuka kidogo tu katikati ya nchi kavu. Bandari yake ya zamani bado ipo, nayo inatazamana na mashamba.